Samaki Hana Kisu

Mama karanga anayepanga samaki wake wa kukaanga karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, huulizwa maswali mengi jioni moja: bei, kama samaki ni wa leo, kama hapungui hata shilingi 10. Swali moja haulizwi. Hakuna mteja anayetaka kujua nani aliyemchinja. Muuza kuku aliye hatua chache kutoka hapo hawezi kulikwepa swali hilo, na mwenye bucha hutundika cheti ukutani ili asisumbuliwe nalo. Samaki amesamehewa. Sura ya Al-Maida, katika aya ya 96, imehalalisha mawindo ya bahari na chakula chake, na hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi imeyafanya maji ya bahari kuwa yenye kutoharisha, na kilichokufa ndani yake kuwa halali.

Msamaha huo unaeleweka vizuri ukimtazama mvuvi wa Mtongwe au wa Timbwani. Yeye hukutana na samaki siku moja tu, nayo ni ya mwisho. Alichokula tasi au changu tangu alipokuwa yai ni siri ya mwamba na mkondo. Aliyemlisha ni Mungu, na mvuvi hana la kujibu isipokuwa nyavu zake na eneo alilovulia.

Samaki wa bwawani ana habari nyingine, na dunia sasa inamla yeye zaidi. Kwa hesabu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 2022 ufugaji ulitoa wanyama wa majini wengi kuliko uvuvi kwa mara ya kwanza katika historia: tani milioni 94.4, yaani asilimia 51 ya wote waliozalishwa. Nusu nzima ya mavuno ya majini, basi, imefugwa kwa mkono wa mtu na kuvuliwa na mtu, na sehemu kubwa yake imelishwa na mtu. Kisu hakipo katika safari hiyo yote. Kilichobaki mikononi mwa mfugaji, kinachoweza kupimwa kwa mizani ya dini na ya haki, ni chakula alichomtupia samaki siku baada ya siku. Kwa samaki wa kufugwa, suala la halali lianzie kwenye gunia la chakula, na ni ajabu kwamba Pwani, ambako watoto husoma hukumu za tohara kabla ya kumudu hesabu za kugawanya, gunia hilo bado halijafunguliwa na kutazamwa.

Anayefaa kufikiriwa kwanza ni karpu, samaki wa maji baridi mwenye magamba makubwa na sharubu fupi mdomoni, maana hakuna aliyefugwa na watu wa dini nyingi kama yeye. Wachina walimfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Andiko la Fan Li kuhusu ufugaji wake husemwa kuwa ni la karibu mwaka 475 kabla ya Masihi. Watawa wa Kikatoliki wa Ulaya ya Kati walimchimbia mabwawa ili wapate kitoweo siku za mfungo wa nyama, na mpaka leo Wacheki humla mkesha wa Krismasi. Nchini Kenya kituo cha Sagana, kilichoanzishwa mwaka 1948, kimemfuga pamoja na tilapia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitokea Ziwa Naivasha, na haukupita muda mrefu akawa ndiye anayejaza nyavu za wavuvi wa huko. Anayechimba bwawa Pwani kwa kawaida huanza na tilapia au kambare, lakini hoja za chakula ni zile zile.

Karpu ana maumbile ya kustaajabisha. Hana mfuko wa tumbo. Chakula kikitoka kooni huingia moja kwa moja katika utumbo, na meno yake yako huko huko kooni, yakisaga konokono na mbegu kabla hazijashuka. Kiumbe wa namna hiyo hawezi kupewa mlo mmoja mkubwa asubuhi akaachwa mpaka kesho. Hula kidogo kidogo, mara nyingi, akifukuafukua tope la chini. Wanga wa mahindi na ngano humfaa kuliko unavyowafaa samaki wala nyama. Chakula chake kinahitaji protini ya asilimia 30 hadi 38, na ndani ya protini hiyo lazima ziwemo asidi amino 10 ambazo mwili wake hauwezi kujitengenezea. Ikikosekana moja, mathalani laisini, nyingine zote hupotea bure: samaki anakula kila siku wala hakui.

Hapo ndipo vishawishi vinapoanza, maana protini ni ghali. Chakula huchukua kati ya nusu na asilimia 70 ya gharama yote ya kufuga samaki. Pumba za mchele zina protini ya asilimia 10 au 12 hivi. Mashudu ya nazi, ambayo Pwani ingeweza kuyapata kwa wingi, yana kama asilimia 20. Soya iliyokamuliwa mafuta hufika 44, lakini soya mbichi isiyopikwa ina kitu kinachozuia umeng'enyaji, hivyo lazima ipite motoni. Omena mkavu hupita 50. Na damu ya machinjioni, ikichemshwa, ikakaushwa na kusagwa, hupita asilimia 80, tena imejaa laisini ile ile iliyo adimu katika nafaka. Mfugaji aliyebanwa na gharama hahitaji kushawishiwa na mtu. Hesabu yenyewe inamvuta kwenye damu.

Damu inayomwagika ni haramu kwa nassi ya Qurani, pamoja na kibudu na nyama ya nguruwe. Mkristo wa Likoni naye asidhani jambo hili halimhusu: Matendo ya Mitume, sura ya 15, yaeleza jinsi mitume waliokutana Yerusalemu walivyowaandikia waumini wa mataifa wajiepushe na damu na vilivyonyongwa. Dini zote mbili zinazoishi ukuta kwa ukuta kutoka Bofu hadi Shika Adabu zimeikataa damu mezani. Swali ni moja: je, damu iliyopitia utumbo wa samaki bado ni damu?

Mafakihi hawakuliona bwawa la karpu la siku hizi, lakini walilijua tatizo hili kwa jina la jallala, mnyama anayekula uchafu mpaka ukawa ndio chakula chake. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume alikataza kula nyama ya mnyama huyo na kunywa maziwa yake. Ndani ya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, mjadala ulikuwa mkali. Imamu Rafii, aliyefariki mwaka 1226, aliona kwamba nyama ya jallala ikibadilika ni haramu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, akakipitia kitabu cha Rafii na kukifupisha katika Minhaj, na hapo akasema lililo sahihi zaidi ni kwamba ni makuruhu, na kwamba mnyama huyo akilishwa kilicho safi mpaka nyama yake ikatengemaa, karaha huondoka. Wote wawili wanakubaliana juu ya kipimo: nyama yenyewe, harufu yake na ladha yake. Idadi ya siku haikuwa msingi wa hukumu, ingawa imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumla.

Sasa mtazame Mcheki na karpu wake. Karpu aliyekua katika bwawa la tope hunuka tope, kwa sababu ya kemikali inayotengenezwa na vijidudu vya majini na kuingia katika mafuta ya mwili wake. Wafugaji wa huko huyakausha mabwawa yao wakati wa vuli, na badala ya kupeleka samaki sokoni moja kwa moja, huwahamishia kwenye vidimbwi vya maji safi yanayopita, bila kuwalisha, mpaka ladha ya tope iwatoke. Hapana shaka hakuna kati yao aliyesoma Minhaj. Hata hivyo ulimi umewafikisha pale pale: alichokula kiumbe hukaa katika nyama yake kwa muda, na anayetaka kumla ampe muda wa kujisafisha. Wateja wa Pwani wanaolalamika kwamba tilapia wa bwawani ana ladha ya tope wanazungumzia jambo la fikihi bila kujua, na mfugaji anayewapuuza anapuuza dalili ambayo maimamu waliitaja waziwazi.

Mbolea nayo inataka kuzungumzwa. Katika mabwawa mengi ya Afrika Mashariki, samadi ya ng'ombe au ya kuku hutiwa majini si ili samaki aile, bali ili mimea midogo na wadudu wasioonekana kwa macho waote na kuzaliana, kisha samaki awale hao. Kwa Maliki na Hanbali, kinyesi cha mnyama anayeliwa ni safi, na suala limekwisha. Kwa Shafi kinyesi chote ni najisi, na kukiuza hakusihi; ndiyo maana wanazuoni wake walimwelekeza mkulima alipe malipo ya mwenzake kuondoa mkono wake juu ya kitu, si bei ya kitu chenyewe. Lakini kila mtoto aliyesoma Safinat al-Naja, kitabu kidogo cha Salim bin Sumayr wa Hadhramaut kinachofunguliwa katika madrasa nyingi za Pwani, anajua kuhusu maji ya kulla mbili: yakifika kiasi hicho, lita 200 na kidogo, hayanajisiki mpaka rangi, ladha au harufu yake igeuzwe na najisi. Bwawa la mita za mraba 300 lenye kina cha mita moja lina lita 300,000. Mfugaji anayetia mbolea kwa kipimo, maji yakabaki na kijani chepesi cha uhai, yuko mbali na hatari. Anayemwaga mpaka bwawa linuke ameyanajisi maji kwa hukumu ya Safina, na pia ameua samaki, maana uchafu unaooza hula oksijeni na alfajiri samaki huonekana wakitweta juu ya maji. Mara hii fikihi na elimu ya samaki zinatoa onyo moja.

Malaysia, nchi ya Shafi kama mwambao wa Waswahili, imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2006 baraza lake la taifa la fatwa liliamua kwamba samaki anayefugwa katika maji ya najisi, au anayelishwa najisi kwa makusudi, kama nyama ya nguruwe na mizoga, hafai kuliwa. Uamuzi huo ni mkali kuliko Nawawi, lakini umegusa jambo zito: makusudi. Samaki wa bahari aliyekula mzoga wa mbwa aliyetupwa majini hakuelekezwa na mtu. Mfugaji aliyenunua gunia la damu alijua. Aliyemuuzia samaki jirani bila kumwambia alijua mara mbili.

Kwa mizani ya Minhaj, ni vigumu kumwita haramu tilapia au karpu ambaye damu ilikuwa sehemu ndogo ya chakula chake, aliyelishwa safi siku za mwisho na ambaye nyama yake haina kasoro. Wala lishe yenyewe hairuhusu damu kuwa chakula kizima: pamoja na wingi wa laisini, damu ina upungufu mkubwa wa aisolusini, na samaki anayeitegemea peke yake hudumaa. Lakini kutokuwa haramu kwa samaki hakumtakasi mfugaji aliyeficha. Mtume alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu uliofichwa chini, lawama yake ilimwendea mwenye rundo, na nafaka hazikulaumiwa. Mombasa ilishakuwa na somo lake. Samaki waliogandishwa kutoka China walipozagaa katika masoko ya Kenya, na Rais Uhuru Kenyatta akataka waingizaji wazuiwe mwaka 2018, minong'ono ya wanunuzi ilikuwa kuhusu kile samaki hao walichokula. Hakuna aliyeweza kuwajibu kwa uhakika.

Uingereza iligundua gharama ya kutouliza. Kwa miaka mingi ng'ombe wa huko walilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenzao. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ukatambuliwa mwaka 1986, na mwaka 1996 serikali ikakiri kwamba huenda umewafikia watu kupitia nyama. Anayewaona mafakihi wa jallala kama watu wa vijitaka visivyo na maana asome historia hiyo.

Tuseme sasa damu imekataliwa na mfugaji mcha Mungu amechagua kilicho safi kabisa, yaani omena. Samaki mfu ni halali, kwa hiyo samaki kumlisha samaki hakuna doa la najisi. Hapa ndipo dhamira inapaswa kushtuka zaidi, na ndipo inapolala. Omena ni kitoweo cha maskini. Hukaushwa ufuoni mwa Ziwa Victoria, hupakiwa magunia, hufika Kongowea na mitaa ya Likoni, na kwa sarafu chache humpa mtoto protini na madini ya mifupa ambayo nyama ya ng'ombe ingempa kwa bei isiyogusika. Sehemu kubwa ya omena wanaovuliwa sasa huishia katika viwanda vya vyakula vya mifugo. Viwanda na wanunuzi wakubwa wana mtaji. Mama wa mtaa wa Ujamaa hana. Wakishindana kwenye gunia moja, inajulikana nani atashinda. Afrika Magharibi imeona hali hiyo kwa ukali zaidi: viwanda vya unga wa samaki nchini Mauritania, Senegal na Gambia hununua dagaa waliokuwa chakula cha watu wa pwani hizo, na unga wake hupanda meli kwenda kulisha samaki wa nchi tajiri.

Mfugaji huyo ameshinda mtihani wa tohara na ameshindwa mtihani wa haki. Hilo ndilo gumu katika suala zima, na haifai kulizunguka. Kitabu cha tohara hakimlaumu, kwa kuwa si kazi yake. Lakini dini haina mlango mmoja. Milango ya zaka, ya sadaka, ya kukataza kuhodhi chakula, yote inamtazama mtoto asiye na kitoweo kabla ya kumtazama samaki asiyenenepa. Karpu na tilapia wanaweza kukua vizuri kwa mchanganyiko wa nafaka, mashudu na soya, wakiongezewa protini ya mnyama kidogo tu. Hawakuumbwa wala nyama kama samoni. Kumjaza omena samaki wa aina hii ni kuchukua chakula cha mtu na kumpa asiyekihitaji kwa kiasi hicho.

Likoni ina sababu yake ya ziada ya kuwa makini, nayo ni maji. Hakuna mto unaopita hapo. Maji ya mifereji hutegemea kwa kiasi kikubwa visima vya Tiwi, na yakikatika, mikokoteni ya mitungi ya lita 20 ndiyo huzunguka mitaani. Lile bwawa la lita 300,000 ni mitungi 15,000. Mtu anayelijaza kwa maji ya kunywa katika mtaa wenye foleni ya mitungi atahitaji jibu zuri, na jibu hilo lipo kwa anayetumia maji ya mvua au ya kisima chake, akayatumia tena kunyweshea mboga. Ng'ambo ya kisiwa, Bamburi, mtaalamu Mswisi René Haller alionyesha njia tangu miaka ya 1970: katika machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji alipanda mivinje, akafuga tilapia katika matangi, na maji yaliyotoka kwa samaki yakaenda kulisha mimea. Mahali palipokuwa jangwa la mawe pakawa msitu wa Haller Park unaotembelewa na watoto wa shule kila wiki.

Kati ya damu iliyo rahisi lakini chafu, na omena aliye safi lakini ana mwenyewe, kuna chakula cha tatu, na ndicho kinachofanya mjadala huu uwe wa leo. Funza wa nzi mweusi anayeitwa nzi askari hula mabaki ya jikoni, maganda ya sokoni, hata kinyesi, na katika majuma machache hunenepa kwa protini na mafuta. Watafiti wa kituo cha sayansi ya wadudu cha icipe, Nairobi, wamewafanyia kazi kwa miaka mingi. Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilitoa viwango vya wadudu wakavu kwa chakula cha mifugo mwaka 2017, mwaka ule ule Umoja wa Ulaya uliporuhusu protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa. Kampuni ya Sanergy ya Nairobi ilikwenda hatua ya mwisho kabisa: ikawalisha funza hao uchafu uliokusanywa kutoka vyoo vya mitaa ya mabanda, ukichanganywa na mabaki ya vyakula, kisha ikawauza kama protini ya mifugo.

Wengi wakisikia hivyo hukunja uso. Uchafu wa choo, funza, samaki, sahani ya pilau! Lakini yule mtoto wa madrasa aliyehifadhi Safina analo jibu tayari kichwani. Kitabu hicho kinataja najisi tatu zinazotoharika: mvinyo uliogeuka siki wenyewe, ngozi ya kibudu iliyodabighiwa, na kile kilichogeuka kuwa mnyama. Mfano wa walimu kwa hicho cha tatu ni funza wa mzoga. Uhai ukishaingia, hukumu inabadilika. Madhehebu ambayo yanajulikana kwa ugumu wake katika jambo la kugeuka kwa najisi, yaliyokataa kulainisha mambo mengi ambayo Hanafi waliyalainisha, yaliacha mlango huu mmoja wazi, na nzi askari anapita humo. Funza huyo akiogeshwa uchafu ulioshika mwili wake, ni safi kuwa chakula cha samaki. Hapokonyi mtoto omena. Tena anaondoa taka mtaani. Ni nadra tohara, haki na afya ya jamii kukubaliana hivi, na kwa Likoni, ambako taka za soko na za majumbani ni kero ya kila msimu wa mvua, mwafaka huo una faida ya kuonekana kwa macho.

Usafi wa kisheria, hata hivyo, si usalama wote. Taka za mjini zinaweza kubeba madini ya sumu, na funza huyahifadhi mwilini. Nafaka nayo ina sumu yake. Mwaka 2004, huko Ukambani, watu 125 walikufa kwa sumukuvu ya mahindi yaliyoota ukungu. Mahindi ya namna hiyo yakikataliwa na watu, mara nyingi husemwa "basi, wape mifugo". Katika unyevu wa Pwani, pumba na mashudu huota ukungu kwa siku chache yakiwekwa sakafuni. Anayemlisha samaki kitu ambacho asingethubutu kumpa mwanawe kwa sababu ya sumu, kisha akamuuza samaki huyo, yuko katika lile rundo la nafaka lenye unyevu chini.

Samaki naye ana haki yake, na hili husahaulika kwa sababu hapigi kelele. Mbuzi mwenye njaa hulia mpaka jirani akaja kuuliza. Samaki hufa njaa kimya. Nawawi ameandika katika Minhaj kwamba mwenye mnyama anawajibika kumlisha na kumnywesha. Akikataa, na mnyama ni wa kuliwa, kadhi amlazimishe auze, alishe, au achinje. Habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwachia ajitafutie inajulikana na kila mtu. Bwawa ni kifungo. Samaki wa baharini akikosa chakula huogelea mbali. Aliyetiwa ndani ya turubali la plastiki hana pa kwenda.

Kenya imewahi kuvunja haki hiyo kwa wingi. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009 ulichimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge kati ya 140, kila bwawa mita za mraba 300, na kuwapa watu vifaranga na chakula cha kuanzia. Uzalishaji wa samaki wa kufugwa ukapanda mpaka karibu tani 24,000 mwaka 2014. Ruzuku ilipokwisha, wengi hawakuweza kununua chakula, na kufikia mwaka 2017 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi tani 12,000 hivi. Tarakimu hizo husomwa kama habari za uchumi. Zisomwe pia kama habari za viumbe waliotiwa kifungoni na watu ambao hawakuwa wamehakikisha watawalisha nini. Samaki 1,000 wenye uzito wa gramu 100 kila mmoja ni kilo 100, na kwa kiwango cha asilimia 3 ya uzito wao wanahitaji kilo 3 za chakula kila siku, siku za mvua na za jua, Ramadhani na Krismasi. Mtu asiyeweza kuiona njia ya kilo 3 hizo kwa miezi sita mfululizo asinunue vifaranga.

Kwa bahati nzuri, watu wa kulimaliza jambo hili wako ndani ya mji mmoja. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ina makao makuu yake Mkomani na inaendesha kituo cha Sagana. Mahakama ya Kadhi iko kisiwani, na maulamaa wako katika kila mtaa wa Likoni na Kisauni. Waketi meza moja na waweke mambo matatu kwa Kiswahili kinachosomeka: gunia la chakula cha samaki litaje kama lina damu au unga wa mifupa, na wa mnyama gani; samaki walishwe kilicho safi na kukaa katika maji safi kwa siku zinazotosha kabla ya kuuzwa; na omena afaaye kuliwa na mtu asiwe chakula cha tilapia. Na mnunuzi, kabla ya kuuliza kama hapungui shilingi 10, aulize kwanza samaki huyu alilishwa nini.